Rafiki alinipa grinda bure, sasa ndiyo inayonilisha. Je, nimlipe?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni fundi wa mageti na grili za madirisha, nipo Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka jana nilipoanza kujitegemea, rafiki yangu niliyefanya naye kazi karakana moja Vingunguti alinipa grinda yake ndogo ya inchi nne na nusu, mashine ya mkononi ya kukatia na kusagia chuma. Alisema, 'Chukua tu, mimi nina nyingine.' Ilikuwa inawaka ila umeme unakatika-katika, na haikuwa na kava la kukinga diski. Nilibadilisha kaboni, beringi na swichi, jumla 34,000. Tangu hapo ndiyo inayoniendesha. Mwezi uliopita alipita kwangu, akaiona, akacheka: 'Kumbe grinda yangu bado inapiga mzigo!' Tangu siku hiyo sina raha. Mke wangu anasema nimtumie laki moja nitulie. Fundi mwenzangu anasema nikimlipa nitakuwa nimemtukana. Nasikia kazi zake zimepungua na kodi ya nyumba imekaribia. Mpya ya aina hiyohiyo, maduka ya mtaa wa Gerezani, nimeambiwa 220,000. Je, nadaiwa? Kama nampa, nimpe ngapi na nimwambieje? Na je, anaweza kuja kuichukua?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili tofauti kana kwamba ni moja, ndiyo maana mkeo na fundi mwenzako wanakupa majibu yanayopingana na yote yanasikika kuwa ya kweli. La kwanza ni kama unadaiwa. La pili ni kama inafaa umpe kitu hata kama hudaiwi. Tuanze na deni, kwa kuwa ndilo jepesi.

Hudaiwi. Mtu akikwambia "chukua tu," akakukabidhi kifaa mkononi, ukaondoka nacho, na yeye akabaki na kingine anachofanyia kazi, hiyo ni zawadi iliyokamilika. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kwa kawaida haitambui makubaliano yasiyo na malipo kuwa mkataba, lakini inasema wazi kwamba kanuni hiyo haivunji zawadi ambayo tayari imeshatolewa. Wajibu wa kufidia huja pale mtu anapokupa kitu bila kukusudia kiwe cha bure, nawe ukafaidika nacho. Maneno ya rafiki yako hayaangukii hapo. Na kama nyote ni Waislamu, mtajua kwamba hiba, yaani zawadi, hukamilika kwa kukabidhiwa na kupokelewa, na Mtume amekemea vikali mtu kurudia alichokwisha kukitoa. Kwa hiyo kuja kuichukua kwa nguvu, hapana. Kuiomba anaweza, kama mtu yeyote anavyoweza kuomba.

Kuna sehemu moja ya sheria hiyohiyo ambayo ni vizuri uijue kabla hujafungua mdomo. Ahadi ya kumfidia mtu kwa jambo ambalo tayari amekufanyia kwa hiari yake inaweza kuhesabika kuwa mkataba halali, hata kama mwanzo hakukuwa na makubaliano yoyote. Maana yake, leo huna deni, lakini ukimwambia mbele ya watu "kaka, ile grinda nitakulipa laki na nusu mwezi ujao" unaweza kuwa umejitengenezea deni mwenyewe. Usitaje kiasi kwa ajili ya kufurahisha baraza. Kama unampa, mpe. Kama hujaamua, nyamaza kwanza.

Kinachowasumbua wengi ni hili la riziki: kifaa kimeingiza hela, basi aliyekitoa ana fungu lake. Sivyo. Grinda haitafuti wateja, hainunui umeme wala diski, na haibebi hasara geti likikataliwa. Angetaka fungu, huo ungekuwa ubia, na ubia husemwa siku ya kwanza, pamoja na swali la nani atagharamia amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ikiungua. Hilo hamkulisema kwa sababu halikuwepo. Mapato yako yasiingie kabisa kwenye hesabu ya nini umpe. Ukiyaingiza hutapata namba ya kusimamia, maana kila geti utakalouza litaongeza "deni".

Sasa fundi mwenzako. Anaposema kulipa ni kumtukana mtu, ana hoja, ila ameivuta mno. Tatizo halipo kwenye hela. Lipo kwenye hela inayotua bila mazungumzo. Fikiria simu ya rafiki yako inalia, anaona umemtumia 100,000. Ile namba ni bei, na wewe umeipanga peke yako. Yeye hakuwahi kuuza. Kama kichwani mwake kifaa kile ni cha laki na themanini, ataona umemdharau. Kama anakiona cha elfu hamsini, atajiuliza kwa nini unaharakisha kumalizana naye. Na katika kazi zetu kumalizana ndiko kunakouma. Leo amekupa grinda, kesho anakuita mkamate kazi ya kenopi Kigamboni, keshokutwa anakuja kuazima mashine yako ya kuchomelea. Kila mmoja daima ana kitu kidogo cha mwenzake, na hakuna anayeandika. Malipo kamili yanafunga mlango huo, na mara nyingi anayefungiwa ni yule aliyetoa.

Kuhusu ile kauli, "grinda yangu bado inapiga mzigo," usiijengee kesi. Watu huita "yangu" nyumba waliyohama miaka kumi iliyopita. Alicheka, hakukuuliza inaingiza kiasi gani, hakuigusa wala hakuomba kuiazima. Mtu anayedai huanza kwa kuuliza biashara inakwendaje, kisha hueleza shida zake, kisha hukumbusha alichokupa, na kwa kawaida hurudi tena ndani ya wiki mbili. Kama mwezi umepita na hajarudia, nadhani alikuwa anafurahia kwamba kifaa chake kimepata mtu wa kukitunza.

Hata hivyo nadhani tu, na wewe unaweza kumuuliza. Muulize ana kwa ana, mkiwa wawili, siku ambayo hamna kazi ya pamoja wala hela yoyote inayosubiriwa kati yenu. Si kwa ujumbe wa simu, kwa sababu maandishi hayana sauti na hutajua kama "poa tu" yake ni ya moyo au ya kuhamaki. Maneno yawe mafupi: "Kaka, ile grinda imenitoa. Siku ile uliponipa, ulinipa moja kwa moja, au ulitaka nikikaa sawa nikufikirie? Niambie kweli, sitakasirika." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa kutaja kiasi.

Akijibu "aah, we piga kazi bwana," muulize mara ya pili kwa utani. Akirudia, imekwisha, na usimuulize tena mwaka kesho. Akisita, au akaanza "si unajua hali yenyewe," hapo amekujibu pia. Hajasema unadaiwa, amesema akipewa hatakataa. Utaratibu wa hilo nitaueleza.

Kabla ya hapo, jua umepewa kitu gani. Ulisema umeme ulikuwa unakatika-katika. Hiyo ni dalili ya kawaida ya kaboni zilizokwisha: vijiwe vile viwili vinasukumwa na springi viguse shaba za amecha, na vikibaki milimita tano au sita springi haina tena nguvu ya kuvikandamiza, mguso unakatika, cheche zinaongezeka. Vikiachwa hivyo, cheche hula shaba zenyewe. Beringi nazo hufa kwa vumbi la chuma linalovutwa na feni kupitia matundu ya kupoozea. Kwa hiyo grinda uliyopewa haikuwa chuma chakavu, wala haikuwa nzima. Ilikuwa imefika pale ambapo fundi mwenye nyingine huiweka chini ya meza na kuisahau.

Lililobaki kujua ni hali ya amecha, kwa sababu ndiyo inayobeba bei. Chomoa waya kwenye soketi kwanza. Zungusha shafti kwa vidole: ikwaruze kidogo kwa ajili ya gia, lakini isigonge wala isicheze pembeni. Rudisha umeme, iwashe bila diski na bila mzigo, mahali penye kivuli, utazame kupitia matundu ya nyuma. Cheche chache za bluu pale kaboni zinapogusa ni za kawaida. Duara la moto linalozunguka amecha nzima, pamoja na harufu ya vanishi iliyoungua, maana yake koili zimeanza kuunguzana, na hapo kaboni mpya hazitasaidia kitu. Amecha na ufundi wake vinaweza kukaribia bei ya grinda mpya ya bei rahisi. Ukiona hivyo, thamani ya ulichopewa imeshuka sana, na hilo unapaswa kulijua kabla ya kuzungumza bei na mtu.

Tukichukua kwamba amecha ni nzima, hesabu ni hii. Kifaa cha umeme kilichotumika, kinachofanya kazi, naanzia nusu ya bei ya kipya cha aina ileile, na nasema naanzia kwa sababu hakuna kitabu cha bei. Ni mahali pa watu wawili kuanza kuongea. Nusu ya 220,000 ni 110,000. Ondoa 34,000 ulizoweka ili kiwe cha kufanyia kazi, inabaki 76,000. Ondoa na bei ya kava ambalo hukupewa, unabaki na kitu cha elfu sitini na kitu hadi sabini. Tunapima hali ya siku ulipokabidhiwa, si ya leo baada ya wewe kuitunza. Kwa hiyo laki ya mkeo ni zaidi ya bei. Kumpa zaidi si kosa, ila usiite bei. Hakikisha pia 220,000 uliyoambiwa ni ya bidhaa halisi na si ya nembo ya kuiga; uliza maduka mawili au matatu Gerezani, maana tofauti ya bei huwa kubwa na hesabu yote inasimama juu ya namba hiyo.

Hapo kwenye kava nitakuchelewesha, kwa sababu linanisumbua kuliko hela. Grinda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi nne na nusu imeandikwa kikomo chake, kwa kawaida mizunguko 13,300 kwa dakika, kwa hiyo inavumilia. Diski ya inchi tisa kikomo chake ni kama 6,650. Kava likishatolewa, hakuna kinachomzuia mtu kufunga diski kubwa kwenye mashine ndogo "ili ikate ndani zaidi," na diski hiyo ikipasuka vipande vyake hutoka kwa kasi isiyokupa nafasi ya kukwepa. Nunua kava lake kabla hujafikiria kumtumia mtu hela yoyote. Tazama na tarehe ya mwisho iliyogongwa kwenye kile kipete cha chuma katikati ya diski. Gundi inayoshika diski hudhoofika, zaidi ikihifadhiwa kwenye unyevu wa pwani yetu, na ndiyo maana huwekewa miaka mitatu tangu kutengenezwa.

Kwa wanaosoma hapa na wamepewa vifaa na ndugu walioko nje: soma kibati cha mashine kabla ya kuchomeka. Za Japani mara nyingi ni volti 100, za Marekani 120, na zile zenye plagi ya njano za maeneo ya ujenzi Uingereza ni 110. Umeme wa TANESCO ni 230. Bila transfoma ya kushusha, zawadi hiyo itaungua ndani ya sekunde chache, na kabla ya kufikiria kulipa, gharama ya transfoma itolewe kwanza kwenye thamani.

Turudi kwako. Kama amekujibu kwamba alikupa moja kwa moja, ningekushauri usimpe hela ya grinda hata kidogo. Rudisha kwa kazi. Mfanyie sevisi ile grinda yake nyingine: kaboni pea moja, zote mbili kwa pamoja, maana kubadilisha moja tu hufanya mpya na kuukuu zisukume tofauti, pulizia vumbi kwa upepo wa kompresa, weka grisi mpya kwenye gia. Au mpelekee boksi la diski za kukatia siku anapoanza kazi mpya. Bora kuliko vyote, kwa kuwa kazi zake zimepungua, muite kwenye kazi yako inayofuata na umlipe ujira kamili wa fundi, si wa kibarua. Hapo umemrudishia kile alichokupa wewe mwaka jana, yaani njia ya kuingiza hela, na hakuna aliyetaja bei ya kitu.

Kama alisita, basi nenda kwenye bei. Mwambie, "Nimepiga hesabu, naona kama elfu sabini hivi, wewe unaonaje?" Mwache ataje yake. Mkitofautiana elfu kumi au ishirini, mpe anayotaka na usibishane. Urafiki wa kazi una thamani kubwa kuliko hiyo. Akitaja laki mbili, mkumbushe kwa upole hali iliyokuwa nayo na ulichotumia, na mwambie kama anaona hapati haki yuko huru kuichukua ikiwa imetengenezwa, akurudishie 34,000 zako. Wachache sana huchukua. Njia hii ya kuirudisha siipendi sana, kwa sababu inakuacha bila kifaa na yeye na kifaa asichokihitaji, lakini ipo, na kujua kwamba ipo hukupunguzia woga wakati wa kuongea.

Kodi yake ya nyumba iweke mbali kabisa na grinda. Wenye nyumba wengi hapa mjini wanataka miezi sita kwa mkupuo, na elfu sabini haitamaliza shida hiyo. Ukitaka kumsaidia, msaidie kama rafiki mwenye shida: mkopeshe, mchangie, au mtafutie kazi, na useme hivyo. Ukiificha chini ya jina la malipo ya grinda, atashindwa kukushukuru kwa sababu utakuwa unalipa "deni", na wewe utashindwa kukataa mwezi ujao. Mkeo naye mwoneshe hesabu hii. Nahisi anachotaka ni usiku mmoja bila kukusikia ukiguna, na hilo laki moja haiwezi kulinunua kama hujaongea na mwenyewe.

Mambo mawili zaidi ya heshima, hata baada ya haya yote. Akija kuazima grinda hiyo, mpe bila kumuuliza anairudisha lini. Na kama siku moja utaiuza au kumpa kijana mwingine anayeanza, mwambie kabla. Ni mali yako na huhitaji ruhusa, ila asije akaiona kwenye meza ya mtu mwingine.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Grinda ikikutekenya umeme mkononi, simama na umpelekee fundi wa vifaa vya umeme. Nyingi ya hizi zina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake zimekingwa mara mbili na hazina waya wa ardhi. Ikifunguliwa na kufungwa vibaya wakati wa kubadilisha beringi au swichi, kinga hiyo huvunjika na hakuna kingine cha kukuokoa. Ya pili: kama una shaka yoyote kwamba grinda ilikuwa ya mwajiri wenu wa zamani Vingunguti na si ya rafiki yako, muulize leo. Kupokea mali ya wizi ukijua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na jina la kampuni lililochorwa au kufutwa kwenye bodi ya mashine halielezeki polisi kwa neno "nilipewa". Ya tatu: akija kwa ukali au akitishia kuichukua, usibishane naye mbele ya wateja. Tafuteni mtu mzima mnayemheshimu wote, na ikishindikana nendeni kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017 wanasikiliza mambo ya aina hii bila malipo. Mahakama ya Mwanzo kwa grinda ya elfu sabini ni kupoteza siku za kazi.

Na mkikubaliana bei, andikeni, hata kama ni ndugu. Karatasi ya daftari inatosha: tarehe, majina yenu mawili, aina ya mashine na namba yake iliyoandikwa kwenye kibati, kiasi kilicholipwa na kama kimekamilika, kisha saini zenu na ya shahidi mmoja. Piga picha ya karatasi hiyo, kila mmoja abaki nayo kwenye simu yake.